Mgogoro wa Maji ya Ruvu Unaanzia Kwenye Bomba Lako

Oktoba 2022, mgao wa maji ulipotangazwa Dar es Salaam, madumu ya njano yalirudi foleni na maboza yakawa yanapita mitaani hadi usiku wa manane. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2021, tulikuwa pale pale: vuli imechelewa, Mto Ruvu umeshuka, mitambo inazalisha chini ya uwezo wake. Mara zote mbili, mazungumzo ya kwenye daladala na redioni yaliishia kwenye swali moja: nani kayazuia maji huko juu? Wengine walisema wafugaji, wengine wakulima wenye pampu, wengine wakata miti wa Uluguru.

Sisi tunaofanya utafiti wa migogoro ya maliasili tumezoea kuulizwa swali hilo. Siku zote naliona lina upungufu, kwa kuwa anayeuliza hujiweka nje ya ugomvi, kama mtu aliyepita njia akakuta wenzake wamekamatana mashati. Katika mgogoro wa Ruvu, mkazi wa Dar es Salaam si mpita njia. Yeye ndiye mtumiaji mkubwa kuliko wote, na ndiye asiyeonekana kwenye kikao chochote cha kijiji kinachojadili mto huo.

Tuanze na mto wenyewe. Ruvu huzaliwa kwenye milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Miteremko ya mashariki ya milima hiyo, inayotazama bahari, hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya ile inayonyesha hapa Dar. Vijito vya huko hukusanyika, mito ya Mgeta, Mvuha na Ngerengere huchangia, kisha Ruvu hupita tambarare za Pwani na kuingia baharini upande wa Bagamoyo. Njiani ipo mitambo miwili inayotunywesha: Ruvu Juu, Mlandizi, uliojengwa mwaka 1959, na Ruvu Chini, Bagamoyo, wa mwaka 1976. Ruvu Juu ulipoanza kazi, mji huu ulikuwa na watu wapatao 130,000. Sensa ya 2022 ilituhesabu 5,383,728, ongezeko la zaidi ya watu milioni moja kwa miaka kumi tu tangu sensa ya 2012. Mitambo imepanuliwa, lakini mto ni ule ule.

Kwa uwezo wake wa sasa, Ruvu Chini huzalisha lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu lita milioni 196. Jumla ni lita milioni 466. Naomba msomaji afanye nami hesabu ndogo, maana watu hugombana sana kuhusu mto huu bila kupima. Lita milioni 466 kwa siku ni kama lita 5,400 kila sekunde. Ng'ombe mmoja wa asili hunywa, tuseme, lita 40 kwa siku ya joto. Kwa hiyo kundi la ng'ombe 1,000 hunywa lita 40,000. Hekta moja ya mpunga inayopewa lita moja kwa sekunde, kiwango ambacho wataalamu wa umwagiliaji hukitumia sana wanapokadiria, huchukua lita 86,400 kwa siku. Yaani kundi zima la ng'ombe elfu moja hunywa chini ya nusu ya maji ya hekta moja ya mpunga. Kuyafikia maji ya jiji hili, wangehitajika ng'ombe zaidi ya milioni kumi na moja.

Sisemi mifugo haina madhara mtoni. Ina madhara, ila si ya kiu. Kwato hulegeza kingo, majani ya ukingoni huisha, mvua ikija udongo hubomoka na mto hujaa tope. Hilo ni tatizo la njia za kupitia na sehemu za kunyweshea, na dawa yake ni malambo na mabirika yaliyojengwa mbali na ukingo. Ukilitibu kama tatizo la wingi wa maji utaishia kufukuza watu, na mwaka unaofuata mto utakauka tena.

Jambo hilo tumewahi kuliona katika nchi hii. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi tangu miaka ya mwanzo ya 1990, na lawama zikaelekezwa kwa wafugaji wa bonde la Usangu, mkoani Mbeya. Mwaka 2006 na 2007 maelfu ya mifugo waliondolewa huko na kwenye ardhi oevu ya Ihefu, wengi wakielekea Lindi na Pwani. Wakati huo huo wachunguzi wa maji walikuwa wameshaonyesha kwamba sehemu kubwa ya upungufu ule wa kiangazi ilitokana na mabanio, yaani vizuizi vya kuingiza maji mferejini, ya mashamba ya mpunga yaliyoendelea kuchepusha maji hata pasipo na mpunga wa kumwagilia. Wafugaji waliondoka na mto haukupona. Mgogoro nao ulihama pamoja na ng'ombe, ukaenda kuanza upya kwa wakulima wa Rufiji na Kilwa. Huko Kilosa, katika bonde jirani la Wami, tayari damu ilikuwa imemwagika: Desemba 2000, kijijini Rudewa Mbuyuni, zaidi ya watu 30 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Kwa hiyo mtu anaponiambia suluhisho la mto ni kuhamisha kundi fulani, mimi humuuliza: kuwahamishia kwa nani?

Sasa tupande mlimani, ambako ndiko kwenye fundisho ninalolithamini kuliko yote.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni iliona udongo wa Uluguru unaporomoka na mito inachafuka. Utambuzi huo ulikuwa sahihi. Wakaleta mpango wa kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao, kwa amri na faini. Mwaka 1955 wananchi wa Matombo, huko huko Uluguru, waligoma, ghasia zikazuka, na mtu mmoja akapoteza maisha. Mpango ukafa.

Kwa miaka mingi kisa hiki kimesimuliwa kama siasa ya kudai uhuru, na kweli siasa ilikuwemo. Lakini ukikitazama kwa jicho la mkulima utaona mengine. Kwenye sehemu nyingi za Matombo udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba la juu. Ukichimba ngazi unaufukia huo na kuuleta juu udongo wa chini usio na kitu, hivyo mtu aliambiwa ajichoshe miezi kadhaa ili avune kidogo kuliko mwaka uliopita. Kisha Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi nyingi ni ya ukoo. Mwanamume aliyeshikishwa jembe mara nyingi alikuwa anachimba shamba ambalo watoto wake hawangelirithi. Hakuna aliyemuuliza. Upande wa Mgeta, kwenye baridi na kilimo cha mboga, wakulima waliendelea na ngazi kwa hiari yao, kwa sababu huko zililipa.

Nusu karne baadaye, kuanzia mwaka 2006, mashirika ya CARE na WWF yalirudi Uluguru, eneo la Kibungo, na wazo jingine: watumiaji wa maji walio chini wawalipe wakulima walio juu kwa kazi ya kutunza udongo. Waliochangia malipo ni DAWASCO, iliyokuwa kampuni ya maji ya jiji wakati huo, na kiwanda cha Coca-Cola Kwanza. Mkulima alichagua mwenyewe: ngazi, fanya juu (mtaro unaokatiza mteremko, udongo wake ukitupwa upande wa juu), kupanda miti, au kuacha majani yaote kwenye mteremko mkali. Alilipwa kwa eneo alilolitunza. Watu walewale ambao babu zao walikataa matuta kwa nguvu wakayachimba.

Ulikuwa mradi, na miradi huisha. Fedha zilikuwa ndogo ukilinganisha na ukubwa wa milima, na hadi leo hatujajenga utaratibu wa kudumu unaopeleka sehemu ya bili ya maji ya Dar es Salaam hadi kwa mkulima wa Kibungo. Nadhani hili ni kosa kubwa. Tunalipia bomba, mtambo, umeme na dawa ya kusafishia, lakini yule ambaye uamuzi wake wa kupalilia au kutopalilia mteremko ndio unaoamua rangi ya maji Mlandizi, hatumlipi chochote. Mto ukiwa na tope jingi, usafishaji hula dawa nyingi zaidi. Gharama ile tunailipa hata hivyo, ila tunailipa mahali pasiposaidia mlima.

Na uhusiano wetu na mlima hauishii kwenye maji. Kabeji, karoti na viazi vya Mgeta vinauzwa kwenye masoko ya jiji hili. Mkulima anayefungua mfereji kiangazi anamwagilia mboga ambazo mama ntilie wa Buguruni atazipika kesho. Mkaa tunaopikia, na Dar ndiyo mlaji wake mkubwa nchini, unatoka misitu ya Pwani, Morogoro na mikoa ya mbali zaidi. Mchanga wa nyumba zetu huchotwa mitoni. Mkazi wa jiji anamwambia mkulima asimwagilie, kisha jioni anakwenda sokoni kununua mboga ileile. Ni wajibu wetu kuliona hilo kabla ya kunyoosha kidole.

Sheria zinasemaje? Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, inapanga foleni: kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, pili maji yanayobaki mtoni kwa ajili ya mazingira, kisha kilimo, viwanda na shughuli nyingine za uchumi. Anayetaka kuchepusha au kusukuma maji kwa pampu anatakiwa kuwa na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, ambayo kwetu ni ya Wami/Ruvu. Inaruhusu pia Jumuiya za Watumia Maji, ambamo wakulima, wafugaji na wengine wa kijito kimoja hukaa na kupangiana zamu. Mahali jumuiya hizi zina wajumbe wa pande zote na zamu zilizoandikwa, ugomvi hupungua. Pale zilipoundwa kwa ajili ya kukamilisha ripoti, zinabaki mhuri na daftari.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kwenye tambarare za Ruvu naiunga mkono kwa moyo wote na ningependa isimamiwe bila kupepesa macho. Lakini pale Uluguru, ambako kila bonde lina kijito, mita 60 kila upande zinaweza kumeza shamba lote la familia. Kanuni moja kwa mlima na tambarare huzaa faini, faini huzaa rushwa, na mto haupati kitu. Huko tunahitaji mipango ya matumizi bora ya ardhi iliyopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, inayosema wazi mteremko upi haulimwi, upi unalimwa kwa ngazi, na ng'ombe wanapita wapi.

Serikali imeanza ujenzi wa Bwawa la Kidunda, Morogoro Vijijini, litakalohifadhi lita bilioni 190. Wazo hili limezungumzwa tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa, na litapunguza hofu ya kiangazi. Ila bwawa hukusanya kile mto unacholeta. Mteremko ukimomonyoka, tope nalo litaingia, na nafasi ya maji itapungua mwaka hadi mwaka. Liko pia suala la chini kabisa ya mto, mikoko ya mdomo wa Ruvu na kamba wanaokulia humo, wanaohitaji maji ya mto yasiyo na chumvi yawafikie kwa majira yake. Wavuvi wa Bagamoyo hawakuwepo kwenye mazungumzo ya mgao wa 2022, ingawa mto ukishuka nao huumia.

Kwa upande wetu wa jiji kuna kazi isiyohitaji kupanda mlima. Maji mengi yaliyokwisha kusafishwa hupotea kabla ya kufika kwa mteja, kupitia mabomba yaliyopasuka na miunganisho ya kinyemela. Kila bomba linalovuja barabarani wiki nzima bila mtu kupiga simu ni maji yaliyoondolewa mtoni bure, wakati kuna mkulima amefungiwa mfereji kwa ajili ya maji hayo. Ukiona uvujaji, toa taarifa, na utoe tena wasipofika. Nyumba zinazojengwa sasa Kibaha, Bunju na Chanika ziwekewe mifereji ya kuvuna maji ya mvua kwenye paa. Dar hupata takriban milimita 1,100 kwa mwaka, na paa la mita za mraba 100 hupokea lita zaidi ya 100,000 katika mwaka wa kawaida. Hata ukivuna nusu yake, ni madumu ya lita 20 zaidi ya elfu mbili na mia tano.

Na wewe unayekwenda Morogoro kwa basi, pale daraja la Ruvu funua pazia utazame chini. Masika maji yatakuwa mengi na mekundu. Wekundu ule ni shamba la mtu wa Uluguru, linashuka kuja kwetu.