Kamera ya Baburao Painter ilitoka kwenye projekta ya mtumba

Vijana ninaowafundisha kutengeneza kamera za zamani hawaamini ninapowaambia kwamba mchoraji wa mapazia ya jukwaani, asiye na chuo wala cheti cha uhandisi, alijiundia kamera ya sinema mwaka 1918. Wanadhani ni muujiza. Mimi naona ni ufundi.

Huyo ni Baburao Krishnarao Mestry, aliyezaliwa Kolhapur, magharibi mwa India, mwaka 1890, katika ukoo wa mafundi. Uchoraji alijifunza mwenyewe. Yeye na binamu yake Anandrao walikula kwa brashi: leo wanachora jumba la mfalme kwa kikundi cha maigizo ya Kimarathi, kesho msitu. Jina la Painter lilitokana na kibarua hicho. Dadasaheb Phalke, mwanzilishi wa sinema ya India, alipotoa filamu yake Raja Harishchandra mwaka 1913, wale wawili wakapagawa na sinema. Kamera hawakuwa nayo, wakanunua Bombay projekta iliyokwisha kutumika.

Fungua projekta ya enzi hizo uone. Mkanda hautiririki tu. Kuna kifaa cha chuma kinachouvuta hatua moja, kinauacha utulie mbele ya lenzi, kisha kinauvuta tena. Wakati unasogea, kisahani kinachozunguka huziba mwanga. Kamera nayo hufanya vivyo hivyo, ila mwanga unaingia badala ya kutoka. Mashine ya ndugu Lumière ya mwaka 1895 ilifanya kazi zote mbili, kupiga na kuonyesha. Kwa hiyo akina Baburao walikuwa wameshanunua nusu ya kamera bila kuiita hivyo.

Nusu ya pili ndiyo inayotoa jasho. Kasha lisipenyeze mwanga hata chembe. Mkanda usimame palepale kila mara, kama mara 16 kwa sekunde, huku mtu akizungusha mpini kwa mkono. Ukipotoka unene wa unywele, kwenye skrini nyumba nzima inatetemeka. Hapo unahitaji tupa, jicho na subira, na hivyo havikosekani katika nyumba ya mafundi.

Anandrao alifariki mwaka 1916, kamera haijakamilika. Baburao akaimalizia pamoja na mwanafunzi wake V. G. Damle. Mtaji wa kampuni, Maharashtra Film Company, ulitoka kwa mwimbaji Tanibai Kagalkar, mama ambaye wasimuliaji wengi humpitia juu juu. Bila mkopo wake kamera ile ingebaki pambo la karakana.

Filamu yao ya kwanza, Sairandhri, ilitoka mwaka 1920. Wanawake waliigiza nafasi za wanawake. Katika Raja Harishchandra ya Phalke, malkia aliigizwa na mwanamume, Anna Salunke. Tukio la kuuawa kwa Kichaka, mhusika mwovu wa Sairandhri, lilionekana la kweli mno, wakaguzi wakalikata. Na mchoraji huyu, kwa maoni yangu hili ndilo la ujasiri zaidi, akaachana na mapazia yaliyomlisha na kujenga mandhari za kusimama, zenye kina.

Mwaka 1929 Damle na wenzake wa kampuni hiyo, Fattelal na V. Shantaram, waliondoka wakaanzisha kampuni ya filamu ya Prabhat. Filamu zilipoanza kusema, aliyesimamia kurekodi sauti pale Prabhat alikuwa Damle yuleyule.