Kwa nini kituo cha shehia kinapitwa?

Malalamiko yanayotufikia wilayani siku hizi ni ya namna mbili, na mara nyingi mlalamikaji ni yule yule. Asubuhi hulalamika kuwa foleni ya spitali ya wilaya haina mwisho. Jioni hulalamika kuwa kituo cha afya cha shehia yake, yaani mtaa au kijiji kilicho chini ya sheha, hakina dawa. Mambo hayo mawili yana mzizi mmoja: watu wanakipita kituo cha shehia na kwenda moja kwa moja spitali ya wilaya.

Wapo wenzetu maofisini wanaodhani anayekipita kituo hana elimu. Mimi sikubali. Mama wa huku Pemba hupiga hesabu kabla hajajitanda kanga: nani atabaki na watoto, nauli ipo, mume keshasemaje, na akifika atamkuta nani. Akiwahi kukuta mlango umefungwa saa nane mchana, kamba ya imani imekatika. Safari ya pili atapanda gari mpaka mjini. Mwengine anakwepa mkunga mwanamme, na hilo hatuwezi kulifanyia mzaha.

Siri nayo ni jambo zito. Nesi wa kituo ni jirani, pengine wifi wa mtu. Anayetaka dawa za uzazi wa mpango au kipimo cha VVU huona afadhali aende asikojulikana. Kutoa siri ya mgonjwa ni kosa la kinidhamu, na mfanyakazi huitwa kujieleza. Lakini tunahitaji shauri lenye miguu: andika tarehe, saa, huduma uliyoifuata na kilichotokea. Anza kwa msimamizi wa kituo. Usiporidhika, lete kwa timu ya afya ya wilaya. Kama kuandika kunakupa tabu, mwambie sheha akusaidie. Ukidaiwa pesa ya kificho, isiyo na risiti, hiyo ni rushwa, na mahali pake ni ZAECA, mamlaka ya kupambana na rushwa Zanzibar. Kulalamika barazani hakufungui faili, na "yule bibi mnene wa zamu" si jina.

Sasa hili la "kituoni wanatoa panadoli tu". Nimelisikia mpaka limenichosha. Zanzibar ilianza kutoa dawa mseto za malaria bure katika vituo vya Serikali mwaka 2003, na baada ya vyandarua na upigaji dawa majumbani, maambukizi yameshuka hadi chini ya asilimia 1. Maana yake, homa nyingi za leo si malaria. Ukichomwa kidole na kipimo kikaonesha huna, kukunyima dawa ya malaria ndiyo tiba sahihi. Daktari wa mjini naye atafanya hivyo hivyo, ila wewe utamwamini zaidi kwa kuwa umempata kwa nauli. Na ukikutwa na malaria, kituo hutoa taarifa, kisha ofisa hufika nyumbani kwako kuwapima wenzako. Ukinunua vidonge dukani kimya kimya, hakuna atakayejua kuwa mbu wa mtaani kwenu keshapata pa kuanzia.

Tuje kwenye dawa. Kituo hakipewi shehena kwa kukisia. Kinaagiza Bohari Kuu ya Dawa kwa kuangalia matumizi ya kipindi kilichopita: kilichoandikwa kwenye daftari la wagonjwa, kilichotoka kwenye kadi ya stoo, kilichobaki. Shehia nzima ikihamia spitali ya wilaya, daftari huonesha watu wachache, na oda inayofuata hupungua. Halafu siku mnarudi wote pamoja, mwezi wa mafua, rafu tupu. Simaanishi kuwa kila upungufu ni kosa la wananchi. Mizigo huchelewa, na zipo oda tunazojaza vibaya sisi wenyewe. Lakini daftari halijui kuwa mlikuwa wagonjwa mahali pengine.

Kwa hiyo mtoto wa chanjo, mwenye presha anayefuata vidonge vyake vya kila mwezi, kidonda cha kusafishwa, kliniki ya mjamzito: anzieni kituoni. Likizidi uwezo wao, watakuandikia barua ya rufaa. Barua hiyo si kibali cha kuombea huruma. Ndani yake mna vipimo na dawa ulizokwishapewa, ili usianzwe upya.

Mjamzito anayetoka damu, mtoto mwenye degedege au mtu anayeshindwa kupumua hasubiri barua ya mtu yeyote. Huyo mpelekeni penye msaada wa karibu, hata usiku, na karatasi zitafuata.