Ukijani wa ziwa: usiuue kabla hujautoa

Nilikuwa nimechuchumaa kwenye mawe ya mwalo mmoja hapa Ghuba ya Mwanza, asubuhi kabla upepo haujaamka, nikichota sampuli. Mama mmoja akaja na ndoo mbili. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaitazama chupa yangu iliyojaa kitu mfano wa rangi ya mafuta ya kijani. "Mwanangu," akaniuliza, "nikiyachemsha haya si yatafaa?"

Katika kazi ya ubora wa maji hakuna swali ninaloulizwa zaidi ya hilo, wala jibu linaloudhi watu zaidi ya ninalolitoa. Hayatafaa. Kuchemsha kunaua vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo, na sisi wenyewe tumewahubiria watu miaka nenda rudi wachemshe. Ila ukijani huu ukiuchemsha unaupasua, na sumu iliyokuwa imefungiwa ndani inamwagika kwenye sufuria. Moto hauiharibu. Maji yanapungua kwa mvuke, yenyewe inabaki.

Tumezoea kuuita mwani au ukoga, lakini hawa ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa jua kama mimea: sianobakteria. Ziwa Victoria lina aina nyingi. Wawili ninaowaona sana kwenye hadubini ni Microcystis, ambaye hukaa kwa makundi yanayofanana na pumba, na Dolichospermum, aliyejipanga kama shanga kwenye uzi. Wana vijifuko vya hewa mwilini vinavyowaelesha. Usiku ziwa likitulia wanapanda juu, na asubuhi unakuta utando. Kisha upepo unausukuma na kuurundika kwenye ghuba moja, na ghuba ya jirani inabaki safi kabisa. Ndiyo maana mvuvi wa mwalo huu anaapa ziwa limeoza, na mwenzake wa mwalo wa pili anamwona mzushi.

Si wote wenye sumu. Wapo jamii yao wanaoliwa: wanawake wa kandokando ya Ziwa Chad huwavuna na kuwakausha kuwa mikate, na heroe wa Nakuru wamewala tangu enzi. Hata ndani ya Microcystis peke yake, kundi moja lina jeni za kutengeneza sumu na jingine halina, na kwa macho hutawatofautisha. Rangi haikuambii kitu. Iliyo maarufu kati ya sumu zao ni mikrosistini, inayoshambulia ini. Mifugo ndiyo huwa ya kwanza kutoa taarifa. Mwaka 1878 jarida moja la kisayansi lilichapisha habari za Ziwa Alexandrina huko Australia, ambako kondoo, farasi na mbwa walikunywa utando wa namna hii wakafa.

Kwa fundi wa maji, jambo la kushika ni kwamba bakteria akiwa hai, sehemu kubwa ya mikrosistini yake imo ndani ya mwili wake. Akifa au akipasuka, inatoka na kuyeyuka majini. Aliye mzima ni punje, na punje tunaweza kuizamisha au kuichuja. Sumu iliyoyeyuka inapita kwenye mchanga wa chujio la kasi kama chumvi inavyopita.

Nililijifunza hilo kwa aibu. Mwanzoni mwa kazi nilitumwa kwenye mtambo mdogo ambao maji yake yalikuwa yamegeuka kijani. Wenyeji wakashauri tuongeze klorini pale pale kwenye kidakio, bomba linaponyonya, "tuwamalize kabla hawajaingia". Nikaunga mkono, tena kwa sauti. Siku ya pili maji yalikuwa meupe na kila mtu kafurahi. Majibu ya maabara yaliporudi, sumu iliyoyeyuka kwenye maji yaliyosafishwa ilikuwa imepanda kuliko ilivyokuwa tukiwa bado tunalalamikia rangi. Mrututu, yaani salfeti ya shaba, hufanya vivyo hivyo ukimwagwa kwenye bwawa. Unaona maji yamesafika kumbe umefungua magunia yote kwa pamoja.

Basi mtu apime nini? Naanza na chupa, kwa sababu kila mtu anayo. Chukua chupa angavu, ijaze robo tatu ya maji ya ziwa, iache mahali penye ubaridi bila kuitikisa mpaka kesho. Ukijani ukitua chini, yaelekea ni mwani wa kawaida. Ukipanda juu kama krimu kwenye maziwa mabichi, shuku sianobakteria. Hapo hujapima sumu, umepata sababu ya kupiga simu tu.

Baada ya chupa inakuja diski ya Secchi, sahani nyeusi na nyeupe unayoishusha kwa kamba mpaka isionekane. Watafiti wa mwishoni mwa miaka ya 1920 waliiona mpaka mita 7 hivi katika maji ya wazi ya Ziwa Victoria. Ukienda Ghuba ya Winam upande wa Kisumu leo, mara nyingi inapotea kabla ya mita 1. Ghuba hiyo ina kina cha wastani cha kama mita 6 tu, imeunganishwa na ziwa kubwa kwa mlango mwembamba, na mito ya Nyando na Sondu-Miriu inaimwagia udongo wa mashambani. Ningetaka kumfundisha mwanafunzi ukijani unavyozaliwa, ningempeleka huko.

Kifaa ninachokipenda zaidi ni kihisi cha fikosianini. Hii ni rangi ya buluu ambayo sianobakteria wanayo na mwani wa kijani wa kawaida hauna. Kihisi kinamulika mwanga, rangi inawaka kidogo, namba inatokea hapo hapo kwenye mtumbwi. Satelaiti nazo huitafuta rangi hiyo hiyo, kwa kuangalia inavyomeza mwanga wa karibu nanomita 620. Sentinel-3 hupita juu yetu karibu kila siku na kuona mraba wa mita 300, unaotosha kwa ghuba na hautoshi kwa mwalo. Tena masika mawingu yanafunika, na masika ndipo mito inapoleta mbolea. Picha ya satelaiti inakuambia upeleke boti wapi.

Kwenye hadubini tunahesabu. Kwanza tunatia matone ya ayodini ya Lugol ili seli zilemewe na kuzama, maana bila hivyo zinaelea na kumkwepa mhesabuji. Kuhesabu bonge la Microcystis ni adhabu, na asiyewahi kuifanya asikucheke.

Sumu yenyewe hupimwa kwa vifaa vya kingamwili. Hapa ndipo naona makosa mengi. Ukichuja sampuli kabla ya kupima, unapata sumu iliyoyeyuka tu, na unaweza kuandika ripoti nzuri huku ziwa limejaa sumu ndani ya seli. Ukitaka jumla, lazima uzipasue seli: gandisha, yeyusha, mara tatu. Mimi hupima vyote viwili. Sumu nyingi ikiwa bado ndani, ukijani uko hai na mtambo una nafasi ya kuuondoa. Sehemu iliyoyeyuka ikianza kukua, kundi linakufa, na hiyo ndiyo wiki ya kukosa usingizi, ingawa kwa macho maji yanaanza kupendeza. Utando unaokufa huacha michirizi ya buluu ya feruzi maweni na harufu mbaya. Wavuvi wanaijua kuliko sisi.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ya kila siku ni mikrogramu 1 ya mikrosistini kwa lita. Mwaka 2020 shirika likaongeza cha muda mfupi, mikrogramu 12, kinachompa msimamizi siku chache za kurekebisha mambo bila kufunga maji ya mji mzima, na 24 kwa maji ya kuogelea. Watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga hawamo katika nafuu hiyo. Wao watafutiwe maji mengine mapema. Agosti 2014 mji wa Toledo, Ohio, uliwaambia karibu watu nusu milioni wasinywe maji ya bomba kwa siku kama tatu, kwa ukijani wa Ziwa Erie, na tangazo lilisema wazi: msichemshe. Lililo zito zaidi lilitokea Caruaru, Brazil, mwaka 1996. Maji yenye mikrosistini yalifika kwenye kituo cha kusafishia damu wagonjwa wa figo, yakaingia moja kwa moja kwenye mishipa. Vifo 52 vilihusishwa na sumu hiyo. Kila ninapoingia hospitali yenye huduma hiyo karibu na ziwa, swali langu la kwanza ni maji yao yanapitia wapi.

Mtamboni, kazi ni kuwatoa wakiwa wazima. Usitie klorini mwanzoni. Gandanisha kwa shabu, zamisha, na tope liondolewe haraka. Ukiliacha siku kadhaa kwenye tanki seli zinapasukia humo, na ukirudisha maji ya tope mwanzo wa mtambo umejirudishia sumu. Machujio yaoshwe mara nyingi zaidi. Kwa sumu iliyokwisha kuyeyuka, tumia unga wa mkaa ulioamilishwa. Uliotokana na mbao hufanya vizuri kuliko wa vifuu vya nazi, kwa kuwa vitundu vyake vina upana wa kuipokea molekuli kubwa ya mikrosistini. (Mkaa wa jikoni hapana, tafadhali. Nimeulizwa.) Klorini ije mwisho, ikae na maji angalau nusu saa, ibaki miligramu 0.5 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, iwe chini ya 8. Hili la pH wengi hulipuuza. Ukijani unapokula hewa ya ukaa mchana kutwa, pH ya ziwa inaweza kuvuka 9, na klorini hapo inakuwa mvivu.

Kuhusu samaki nina neno moja. Sumu hukaa zaidi kwenye ini na matumbo, hivyo sato na sangara wakitolewa vya ndani hatari hupungua sana. Dagaa huliwa mzima, na watafiti wa Winam wameikuta mikrosistini katika samaki wadogo wa namna hiyo. Mimi sijaacha dagaa. Siwanunui tu kwa mtu aliyewavua kwenye utando.

Chanzo cha yote ni fosfori, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea na majitaka. Mwaka 1973 mtafiti David Schindler na wenzake waliligawa Ziwa 226 huko Ontario, Kanada, kwa pazia. Upande mmoja wakatia kaboni na naitrojeni, wa pili wakatia hivyo hivyo na fosfori juu yake. Upande wa fosfori ukageuka kijani, mwingine ukabaki ulivyo. Watu wa Seattle, Marekani, nao walipoyaondoa majitaka kwenye Ziwa Washington, kati ya 1963 na 1968, ziwa lilirudi kuwa angavu ndani ya miaka michache.

Watu hunionyesha Seattle wakitaka ahadi, nami siitoi. Victoria ina fosfori inayotoka mijini na mashambani, na nyingine inatua kutoka angani pamoja na vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Nyingine imelala kwenye tope la chini ikisubiri. Siku hizi kuna na chakula cha samaki wa vizimba. Halafu ziwa hili maji yake mengi huondoka kwa jua. Mto Nile pale Jinja huchukua sehemu ndogo. Fosfori haipandi na mvuke. Ni ile sufuria ya mama, ila hii ina kilomita za mraba zaidi ya 68,000. Tukidhibiti majitaka ya miji leo, ghuba zitapata nafuu kwanza, na hilo linatosha kuwa sababu ya kuanza. Katikati ya ziwa patatuchukua maisha ya mtu.

Mama wa ndoo sikumweleza hayo. Nilimwonyesha mchanga msafi hatua kadhaa kutoka ukingoni, achimbe kisima kifupi, mchanga umchujie bakteria wakiwa wazima, ndipo achemshe kwa ajili ya vimelea vingine. Kama hawezi kuchimba, aende upande upepo unakotokea, asichote kamwe penye utando. Akamwaga ndoo zote mbili, akaniangalia.

"Na mbuzi je?"

"Na mbuzi, mama. Mbuzi kwanza."