Dhana potofu na ukweli: jaribio la wanafunzi angani, kutoka Malindi

"Angani hakuna mvutano."

Hili ndilo la kwanza kusikika klabu yetu ya sayansi inapokaa kupanga jaribio, na ndilo linaloharibu yanayofuata. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinazunguka kama kilomita 400 juu yetu. Kwa ndege, Nairobi ni mbali zaidi! Huko mvutano wa dunia bado ni karibu asilimia 90 ya huu wetu. Watu na vitu huelea kwa kuwa vyote vinaanguka pamoja na kituo, ila kwa mwendo wa kilomita 28,000 hivi kwa saa, kila kikianguka kinaikosa ardhi.

Anayebisha atoboe chupa ya maji karibu na kitako, kisha aiachie kutoka ghorofani. Ikiwa hewani, maji hukoma kuchuruzika. Tuliifanya shuleni, waliosimama chini walilowa, ubishi ukaisha.

"Jaribio zuri ni la maajabu."

Wengi huanza na roboti. Kijana mmoja akataja hamira, wenzake wakamcheka: kwani huko juu kunapikwa mahamri? Kwangu mimi aliwapita wote, maana aliuliza uzito unafanya kazi gani hapa chini. Hamira ndani ya maji ya sukari hutoa gesi. Viputo hupanda, chembe hutuama. Ondoa uzito, viputo havina juu pa kupandia wala chembe hazina chini pa kutulia. Je, hamira itakula sukari kwa kasi ile ile ikiwa imezingirwa na gesi yake yenyewe? Hilo linapimika. Mwaka 1973 wazo la mwanafunzi wa Marekani, Judith Miles, lilipeleka buibui wawili kwenye Skylab, kituo cha anga cha Marekani, kuona kama watasuka utando. Mwanzo walivuruga, baadaye wakazoea. Buibui tu, wala si roboti.

"Litarushwa hapa Ngomeni."

Natamani. Kutoka jukwaa la San Marco, lililo baharini hapo Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa Uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani. Lakini roketi ya mwisho iliondoka pale mwaka 1988.

"Mwanaanga atamalizia."

Saa zake zimehesabiwa. Mpe kazi ya kufungua kibanio kinachotenga hamira na maji ya sukari, na kutikisa, basi. Chombo kisivuje, na hamira ikae kavu, mbali na sukari, kwa sababu huenda ikasubiri siku nyingi kabla ya kuruka.

"Chupa moja yatosha."

Pacha wake lazima abaki chini, achanganywe saa ile ile, kwenye joto lile lile. Hapa ndipo tulipokosea majaribio ya kwanza: tulimweka dirishani mwezi wa Machi. Ndani ya kituo kuna ubaridi kuliko darasa letu, kwa hiyo tungekuwa tunapima jua la Malindi. Sasa pacha yumo ndani ya kasha la barafu la muuza samaki, na kipimajoto kinasomwa kila baada ya saa moja.