Usiongeze nguvu ya leza kabla hujapiga hesabu ya kelele

Laini ya faiba ikianza kutoa makosa, wengi hukimbilia kuongeza nguvu. Naomba tuanze na hesabu.

Chukua njia ya Mombasa hadi Nairobi, kama kilomita 480: vipande sita vya kilomita 80, kila kimoja na amplifaya yake. Faiba ya G.652 (faiba ya kawaida ya masafa marefu) hupoteza takriban dB 0.2 (desibeli, kipimo cha uwiano wa nguvu kwa logi) kwa kilomita kwenye mwanga wa nanomita 1550. Pamoja na maungio na konekta weka 0.25, yaani dB 20 kwa kipande. Kila chaneli ikiingia na 0 dBm (miliwati 1), na kipimo cha kelele cha amplifaya kikiwa dB 5, OSNR (uwiano wa mwanga wa ishara kwa kelele) ni 58 + 0 − 20 − 5 − 7.8 = dB 25.2. Hiyo 58 ni namba ya kudumu ya fomula kwenye nanomita 1550, na 7.8 ni vipande sita kwa logi (10 × log 6).

Sasa katapila linakata kebo, mafundi wanaingiza kipande kipya, maungio mawili yanaongezeka. Mwezi ujao tena. Kipande kimoja kikifika dB 26, kelele yake huwa mara nne, kwa hiyo jumla inatoka sehemu 6 (moja kwa kila kipande) hadi 9 (5 + 4) na OSNR inashuka kwa dB 1.8, hata kama amplifaya bado inamudu. DB 6 zilezile zikisambaa, moja kila kipande, unapoteza dB 1 tu. Ndiyo maana nasisitiza: tengeneza kwanza kipande kibovu kuliko vyote.

Nguvu nayo ina kikomo. Ukiongeza dB 1, kelele inayozaliwa ndani ya faiba yenyewe hupanda dB 3. Nguvu bora ni pale kelele ya amplifaya inapokuwa mara mbili ya hiyo. Ukivuka hapo, mita ya mwanga itakuonyesha nguvu nzuri huku makosa kabla ya FEC (usahihishaji makosa ndani ya kifaa) yakizidi.

Mtawanyiko wa rangi (rangi za mwanga kusafiri kwa kasi tofauti), 17 ps/nm kwa kilomita, usikuhangaishe: transponda za kohirenti (vifaa vya kutuma na kupokea vinavyosoma pia awamu ya mwanga) huufuta zenyewe.

Kabla ya kukata chochote, safisha konekta (zima leza kwanza!), kisha piga OTDR (kifaa kinachotuma mapigo ya mwanga na kuonyesha hasara iko wapi) kwa nanomita 1550 na 1625. Hasara ikiwa kubwa zaidi kwa 1625, faiba imepinda: fungua boksi la maungio, ipange upya kwa nusu kipenyo kisichopungua milimita 30. Zikilingana, ni ungio baya. Likate, uunge upya.