Sauti inayofifia: siku moja ya redio London, Oktoba 1940

Nimekula chumvi nyingi kwenye mitambo ya masafa ya kati. Ukiniuliza ni siku gani ya kale ningependa kuwa zamu, nitakutajia Jumanne, tarehe 15 Oktoba 1940, London. Wanaosimulia redio ya vita hukimbilia hotuba za Churchill. Mimi huangalia minara kwanza.

Mnara unaorusha matangazo ni kama taa gizani. Rubani mwenye kipokezi na antena ya kuzungusha anaweza kujua sauti inatoka upande gani, akaifuata. Kabla ya vita, mikoa ya Uingereza ilikuwa na masafa yake mbalimbali, kwa hiyo Mjerumani angepata ramani ya bure. Ndiyo maana tarehe 1 Septemba 1939 BBC ilizima televisheni, ikaunganisha idhaa zake za ndani kuwa moja, Home Service, na kuiweka kwenye mawimbi yenye urefu wa mita 391 na 449. Minara kadhaa ikawa inarusha kipindi kilekile, kwenye masafa yaleyale, kwa wakati mmoja. Antena ya rubani ikachanganyikiwa.

Kwa fundi, hiyo ni kazi ya jasho. Minara miwili ikitofautiana masafa hata kidogo, mawimbi yanagombana na sauti inayumba. Halafu ndege za adui zikikaribia, jeshi la anga linaamuru mnara wa eneo hilo uzimwe. Kipindi hakikatiki, maana minara ya mbali bado ipo hewani, ila kinafifia na kukwaruza. Mwenye sikio jepesi angeweza kuhisi hatari inakuja kwa kusikiliza muziki tu! Baadaye yalifungwa mijini mitambo midogo ya mawimbi ya mita 203.5, yenye nguvu hafifu, iliyoweza kubaki hewani hadi ndege ziwe karibu kabisa.

Asubuhi, baada ya habari za saa mbili, kulikuwa na dakika chache za mambo ya jikoni: namna ya kuivusha familia wiki nzima kwa sukari na siagi ya mgawo. Utabiri wa hali ya hewa haukuwepo kabisa, kwa sababu rubani wa adui angefaidika nao kuliko mkulima.

Saa nne na nusu asubuhi, na tena saa tisa alasiri, ulipigwa muziki wa viwandani, kipindi kilichoanza Juni mwaka uleule. Hapa ndipo ninapovua kofia. Katikati ya kelele za mashine, muziki unaopanda na kushuka hausikiki: ukishuka unamezwa, ukipanda unaumiza masikio. Kwa hiyo ulitakiwa uwe na sauti ya kiwango kimoja, mapigo thabiti na nyimbo zinazojulikana. Baadaye wimbo mmoja wa Kimarekani wenye makofi uliwekwa kando, kwa kuwa wafanyakazi waliacha kazi na kugonga mabenchi kwa spana.

Nyumba nyingi zisizo na umeme zilitegemea betri za asidi, zilizobebwa hadi dukani kuchajiwa. Aliyewahi kubeba betri ya gari hadi kwenye mashine ya kusaga ili asikilize mpira anajua habari hiyo.

Usiku ule, muda mfupi baada ya saa mbili, bomu lilipenya ghorofa ya saba ya Broadcasting House, makao makuu ya BBC, likashuka hadi ya tano na kutulia bila kulipuka. Matangazo yaliendelea. Saa tatu Bruce Belfrage alianza kusoma habari akiwa studio ya chini ya ardhi. Wasomaji walikuwa wameanza kujitaja majina miezi michache tu nyuma, ili wasikilizaji wazizoee sauti zao na kumgundua Mjerumani akijifanya mmoja wao.

Dakika chache baadaye bomu likalipuka. Watu saba walikufa. Kwenye rekodi iliyobaki kinasikika kishindo butu, kama gunia la mchele limeangushwa chumba cha pili. Jengo lile lilijengwa hivyo: studio ziko katikati, kwenye mnara wa matofali usio na madirisha, ofisi zikiuzunguka ili kelele za barabarani zisipite. Kisha kimya kifupi, sauti ya mtu ikinong'ona kwamba mambo ni salama, na Belfrage anaendelea kusoma, vumbi na masizi vikiwa juu ya karatasi zake.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo kimoja nilichofanyia kazi, jenereta lilikohoa katikati ya taarifa ya habari. Taa zilipepesa tu, mtambo haukuzimika. Mtangazaji wetu alitamka neno ambalo mkoa mzima ulilisikia, na ambalo sitaliandika hapa.