Je, wajua kwa nini mashua yenye upepo wa nyuma huachwa na ile inayokwenda mshazari?

Usiku wa tatu wa mbio nililala na furaha ambayo sikuistahili. Mashua yangu, yaani kijialama cha rangi ya chungwa kwenye skrini ya simu, ilikuwa katikati ya Atlantiki ikielekea Guadeloupe. Upepo ulivuma kutoka mashariki, na Guadeloupe iko magharibi. Nikaielekeza omo, yaani pua ya mashua, huko huko, upepo ukanikaa mgongoni sawasawa, nikavuta shuka. Asubuhi nilikuta wenzangu saba wa kundi letu wako mbele yangu, na hakuna hata mmoja aliyefuata mstari ulionyooka. Wawili walikuwa wanaelekea kusini-magharibi, mmoja kaskazini-magharibi, kama watu waliosahau wanakokwenda.

Nilidhani mchezo umeharibika. Uliokuwa umeharibika ni uelewa wangu wa tanga, na ulikuwa hivyo tangu utotoni.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa ufupi. Unaitwa Virtual Regatta, umetoka Ufaransa, na hukuwezesha kushiriki kwa simu au kompyuta katika nakala ya mbio halisi za baharini. Zimo Route du Rhum, zinazotoka Saint-Malo hadi Guadeloupe kila baada ya miaka minne tangu 1978, na Vendée Globe, ambazo nahodha huizunguka dunia peke yake bila kutua bandarini wala kusaidiwa. Toleo la mtandaoni la Vendée Globe ya 2020 lilipata wachezaji zaidi ya milioni moja. Mashua husafiri saa 24, ukiwa macho au umelala, na safari ya siku kumi huchukua siku kumi kweli. Upepo nao haukubuniwa na mtu. Unatoka kwenye GFS, modeli ya utabiri ya idara ya hali ya hewa ya Marekani, ambayo hutoa utabiri mpya mara nne kwa siku. Nahodha ana maamuzi mawili tu: omo ielekee wapi, na tanga gani lipandishwe.

Ni katika hilo la kwanza nilipopotea.

Kichwani mwangu tanga lilikuwa mfuko. Upepo unaingia, mfuko unavimba, chombo kinasukumwa. Picha za merikebu za kale hutufundisha hivyo, matanga yamejaa kama mashavu ya mpiga zumari. Kwa picha hiyo, upepo wa nyuma kabisa ndio bora kuliko wote, na kila unapogeuza omo pembeni unapoteza sehemu ya msukumo. Hesabu ilionekana haina ubishi: njia fupi kuliko zote, upepo bora kuliko wote. Kosa la aina hii ni gumu kuling'oa kwa sababu halionekani kama kosa. Linaonekana kama akili ya kawaida.

Katika kundi letu yumo kaka mmoja ambaye amekuwa nahodha wa kweli kwa miaka mingi. Nilipomlalamikia aliniuliza swali moja tu: "Mdogo wangu, ukiukimbia upepo, utakusukuma na nini?"

Swali hilo ndilo jibu. Chukua mtu anayekusukuma mgongoni kwa kiganja huku akitembea. Ukisimama, unaihisi nguvu yake yote. Ukianza kutembea, kiganja kinalegea kidogo. Ukitembea kwa kasi sawa na yake, kiganja kinagusa shati tu, hakikusukumi tena. Hajachoka, wala hajapunguza mwendo. Ni wewe unayemkimbia.

Sasa tia namba. Tuseme upepo ni noti 16 (noti moja ni maili moja ya baharini, mita 1,852, kwa saa) na mashua inakwenda mbele yake kwa noti 10. Tanga haliuoni upepo wa noti 16. Tanga linaona tofauti, yaani noti 6, na noti 6 ni upepo wa kukausha leso. Mashua ikijitahidi kufika noti 12, tanga litabakiwa na upepo wa noti 4. Kila hatua ya mafanikio inapunguza chakula cha hatua inayofuata. Kwa tanga la kawaida, chombo kinachokwenda na upepo mgongoni hakiwezi hata siku moja kuupita upepo huo, kwa sababu kabla hakijaufikia kitakuwa hakina cha kukisukuma.

Upepo huu unaolifikia tanga baada ya mashua kuanza kwenda ni kitu kingine na upepo anaouhisi mtu aliyesimama ufukweni. Mwendesha baiskeli anaujua. Siku isiyo na upepo, akikanyaga kwa nguvu, upepo unampiga usoni, ameutengeneza mwenyewe. Siku yenye upepo, ule wa kwake na ule wa hewa vinachanganyika, na mchanganyiko huo ndio unaompeperusha kofia.

Rudi baharini, ugeuze omo digrii 45 pembeni. Upepo ni ule ule wa noti 16. Safari hii mashua haiukimbii moja kwa moja, inaukata. Upepo ambao mashua inautengeneza kwa mwendo wake unatoka mbele, upepo halisi unatoka nyuma kwa upande, na vikichanganyika tanga linaona upepo unaotoka ubavuni, tena mbele kidogo ya ubavu. Tuseme mashua yetu, ambayo ni nyepesi, inafika noti 16 kwa mwendo huo. Ukichora mishale miwili kwenye karatasi na kupima, utakuta tanga linapata upepo wa noti 12 hivi. Awali lilikuwa na 6. Na kwa kuwa nguvu ya upepo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi yake, upepo uliozidi mara mbili una nguvu mara nne.

Hapo tanga limeacha kuwa mfuko na kuwa bawa. Hewa inapita pande zake mbili, inapindishwa njia, na tanga linavutwa upande. Mbona basi mashua nzima haiendi upande? Kwa sababu chini ya maji kuna mkuku, yaani uti wa chini wa mashua, unaokataa. Bana mbegu mbichi ya chungwa kati ya vidole viwili: vidole vinasukuma kulia na kushoto, lakini mbegu inaruka mbele, kwa sababu ndiko kuliko wazi. Tanga ni kidole kimoja, maji yanayoushikilia mkuku ni kidole cha pili. Mbegu ni wewe.

Kumbe basi hesabu iko hivi. Lengo liko maili 100 mbele, upepo mgongoni. Anayekwenda moja kwa moja kwa noti 10 atafika baada ya saa 10. Anayekwenda mshazari digrii 45, kisha akageuza na kurudi digrii 45 upande wa pili, atasafiri maili 141. Ni safari ndefu kwa zaidi ya theluthi moja. Ila kwa noti 16 atatumia saa 8 na dakika 49. Anafika, anafunga tanga, na ana zaidi ya saa nzima ya kunitazama nikija.

Lakini tusiruke kutoka kosa moja hadi jingine. Mshazari haulipi kila wakati. Namba nilizotumia ni za mashua nyepesi ya mbio, ambayo ikipewa nguvu zaidi inaongeza kasi kweli. Chombo kizito cha mizigo hakina tabia hiyo. Kina kasi fulani ambayo juu yake kinajichimbia shimo ndani ya wimbi lake chenyewe, na nguvu ya ziada inaishia kwenye povu. Kwa chombo cha namna hiyo, hasa upepo ukiwa mkali, kunyoosha njia ni busara kamili. Picha za merikebu za kale hazikunidanganya, basi. Nilizitumia kwa chombo kisicho chake. Hata ile digrii 45 si amri: pembe bora hubadilika na upepo. Ukilegea, mashua ya mbio hutaka pembe pana; ukiongezeka, pembe hujibana kuelekea njia iliyonyooka.

Pembe hizo zote zimeandikwa mahali, na hapa ndipo mchezo unaponifurahisha kuliko mahali pengine popote. Kompyuta haikokotoi nguvu ya tanga hata kidogo. Haina tanga, haina mkuku, haina maji. Ina jedwali. Inauliza: upepo noti ngapi, pembe digrii ngapi, tanga lipi? Inatafuta mstari, inasoma kasi, inaisogeza mashua, basi. Mabaharia huliita jedwali hilo pola, na likichorwa kwa upepo wa kasi moja hufanana na kipepeo aliyekunjua mabawa. Mabawa ni zile pembe za ubavuni zenye kasi kubwa. Juu, upepo unapotoka omo, kuna bonde refu linalofika hadi sifuri, ndiyo maana kila baharia hulazimika kubisha, yaani kuukabili upepo kwa kwenda mshazari huku na huku. Chini, upepo unapotoka tezi, yaani nyuma ya mashua, kuna bonde dogo. Ndilo nililolala ndani yake usiku wa tatu.

Mbinu yote ni kutafuta ncha za chini za yale mabawa mawili na kuruka kutoka moja hadi nyingine. Usiruke ovyo, lakini: kila ukigeuza, mchezo unakupunguzia kasi kwa muda, kama kubadilisha tanga kunavyomgharimu nahodha wa kweli. Kwa hiyo wajuzi hukata vipande vichache virefu, na ubishi wa kundi letu huwa ni mmoja: tuanze na upande upi? Hapo jedwali halisaidii tena, inabidi kuutazama utabiri. Utabiri wa kesho nauamini. Wa siku ya saba ni tetesi iliyochorewa ramani, na nimewahi kusafiri maili 300 kuifuata tetesi.

Manahodha wa kweli katika kundi hupata tabu ya aina yao. Wanaijua pembe bora kwa mwili, lakini wanaona haya kuiendesha mashua noti 35 za upepo usiku kucha, kwa kuwa mikono yao inakumbuka mawimbi. Mchezo hauna mawimbi. Hauna mikondo ya maji, mlingoti hauvunjiki, na foromali, ule mti unaoshikilia tanga, haivuki kwa kishindo kumpiga mtu kichwani, hatari ambayo peke yake inatosha kumfanya baharia auogope upepo wa tezi kabisa. Kaka yetu alipoteza siku mbili kwa adabu zake nzuri za baharini kabla hajakubali kuwa huku hazilipi.

Bahari halisi nayo inalipa mizunguko, kwa kipimo kikubwa zaidi. Katika Vendée Globe mashua zikishavuka ikweta hazikati moja kwa moja kuelekea Rasi ya Tumaini Jema, ingawa ramani inawaita. Katikati ya Atlantiki ya kusini hukaa eneo pana la kanieneo (mgandamizo wa hewa) kubwa lenye upepo mfu, linaloitwa kwa jina la kisiwa cha Saint Helena, basi zinashuka upande wa Brazili na kulizunguka. Charlie Dalin alishinda mbio za 2024-25 kwa siku 64 na saa 19. Njia rasmi ni kama maili 24,000. Yeye alisafiri zaidi ya 27,000.

Baada ya kuelewa haya yote nilijiona mtaalamu, na mchezo una kitufe kilichotengenezwa mahsusi kwa watu wa namna hiyo. Unaweza kuiagiza mashua ishike mwelekeo wa dira, au ishike pembe ya upepo. Ukichagua la pili, upepo ukigeuka, mashua nayo inageuka ili pembe ibaki pale pale. Katika mbio zilizofuata niliifunga kwenye pembe bora, karibu na Visiwa vya Kanari, nikalala. Usiku upepo uligeuka taratibu, digrii chache kila saa, na mashua ikaufuata kwa utiifu. Kukwama nchi kavu kuna jina lake miongoni mwa wachezaji: wanakuita kwenye babikyu. Nilipofungua simu kasi ilikuwa sifuri, omo imeegemea ufukwe, upepo noti 18, na pembe ni ile ile niliyoiagiza, haikupungua hata digrii moja.